MMEA WA KUDUMU: NENO HILI LINATUAMBIA NINI?

Katika somo hili tutachambua maneno ambayo wanafunzi wa kilimo huyataja kila siku: mmea wa kudumu. Sisi wa Thika na Ruiru hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kahawa iko hapa hapa.

Tuanze na asili. "Mmea" ni nomino iliyotokana na kitenzi mea, neno la Kibantu. Liko katika ngeli ya U-I: mmea unanyauka, mimea inanyauka. "Kudumu" limetoka kwa Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa neno daima. Kwa hivyo kudumu ni kuendelea kuwapo kwa muda mrefu. Ukilinyambua utapata dumisha na udumishaji. Lakini jamani, tahadharini! Dumaa ni neno jingine. Maana yake ni kukosa kukua. Ukisema mbuni umedumaa badala ya umedumu, umemharibia mkulima shamba zima kwa kalamu tu.

Katika kilimo, mmea wa kudumu ni ule unaoishi zaidi ya miaka miwili. Mahindi na maharagwe ni mimea ya msimu: ukishavuna, unapanda tena. Mbuni, yaani mti wa kahawa, huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu hivi, kisha huendelea kwa miongo mingi. Je, ni lazima mmea wa kudumu uwe mti? La hasha. Mgomba si mti, na shina lake hufa likishazaa mkungu, lakini chipukizi zake hushika nafasi hiyo. Mnanasi nao ni vivyo hivyo.

Basi kudumu si kuishi milele, wala si kubaki vilevile. Mkulima hukata mashina ya mbuni yaliyochoka, akaacha chipukizi zikue kutoka chini. Na baada ya ugonjwa unaoozesha buni changa kuwatesa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Ruiru walizalisha aina inayoustahimili, Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Batian ikafuata mwaka 2010. Naam, mmea hudumu kwa mkono wa mtu.

Mkono huo ni wa nani? Hapo ndipo neno linapouma. Hata kazini tunasema mfanyakazi wa kudumu, na mwenzake ni kibarua. Wakati wa kuchuma kahawa, wengi wanaoingia shambani ni vibarua, hulipwa kwa debe. Mmea ni wa kudumu, anayeuchuma ni wa msimu! Na mmea wenyewe hauna hakikisho. Tatu City, huko Ruiru, inajengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Mibuni mingi haiondolewi na uzee, huondolewa na tingatinga.

Kwa hivyo tunapoandika "wa kudumu" tukumbuke kwamba neno linaeleza uwezo wa mmea. Kama utadumu kweli, hilo laamuliwa na watu.

ZOEZI
1. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya dumu na dumaa.
2. Andika kwa wingi: Mbuni huu umezaa. Mbuni huyu ametaga.
3. Taja mimea mitatu ya kudumu iliyo karibu na kwenu. Nani anaitunza, naye ni wa kudumu au wa msimu?