Kufundisha Jambo Lenye Ubishi: Mapambano ya Baharini juu ya Nyangumi

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya Darasa la Sita, mwanachuo akisimulia habari za watu waliozikabili meli za kuvulia nyangumi. Alisimulia vizuri, na watoto wakashangilia. Lakini tulipouliza, "Wenye meli nao walisema nini?" darasa zima lilinyamaza. Watoto walikuwa wamepewa hukumu kabla ya ushahidi. Ili kuepuka kosa hilo, twashauri hatua tatu.

Hatua ya kwanza: Mambo yasiyobishaniwa. Mwaka 1975, mbali na pwani ya California, wanachama wa Greenpeace walijiweka ndani ya mashua ndogo za mpira kati ya nyangumi na meli ya Kisovieti. Chusa kilichofyatuliwa kwa mzinga kilipita juu ya vichwa vyao. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uvuvi wa biashara kuanzia msimu wa 1985/86. Hata hivyo, Japani iliendelea kuvua katika Bahari ya Kusini, ikisema kwamba inafanya utafiti, jambo ambalo mkataba wa 1946 uliruhusu.

Hatua ya pili: Kusikiliza pande zote. Tarehe 6 Januari 2010, boti Ady Gil ya kundi la Sea Shepherd iligongana na meli ya Kijapani, Shonan Maru 2. Omo ya boti ilikatika. Mabaharia wake sita waliokolewa. Kila upande ulitoa picha zake na kumlaumu mwenzake. Mwalimu aligawe darasa makundi mawili, kila kundi litetee upande mmoja, kisha yabadilishane. Watoto wataona wenyewe kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Ndipo waambiwe kuwa uchunguzi wa New Zealand ulizikuta pande zote mbili na makosa.

Hatua ya tatu: Kupima na kuamua. Hapa mwanachuo ajihadhari. Kutopendelea si kugawa lawama nusu kwa nusu kila mara. Tarehe 31 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliamua kwamba mpango wa Japani wa wakati ule katika Bahari ya Kusini haukuwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi kama mkataba ulivyotaka. Mwaka 2019 Japani ilijitoa katika Tume, ikaacha kuvua huko kusini, na kurudia uvuvi wa biashara katika maji yake yenyewe.

Zoezi: Kila mwanafunzi aandike aya moja kujibu swali hili: "Je, ni halali kuhatarisha maisha ya watu ili kuokoa nyangumi?" Asahihishwe kwa nguvu ya sababu zake, wala si kwa kukubaliana na mwalimu. Mtoto anayezoea kushangilia tu darasani leo, kesho atashangilia lolote atakaloambiwa.