Uhakiki wa Nukuu katika Mijadala ya Historia: Mfano wa Macaulay

Katika mijadala kuhusu ukoloni, hunukuliwa mara kwa mara hotuba ambayo Thomas Macaulay anadaiwa kuitoa katika Bunge la Uingereza tarehe 2 Februari 1835. Humo anaisifu India kuwa haina mwombaji wala mwizi, kisha anapendekeza elimu yake ya jadi ivunjwe ili itawalike. Uhakiki wa mahali na tarehe unabatilisha dai hilo. Macaulay aliwasili India mwaka 1834, na siku hiyo alikuwa Calcutta, akiwa mjumbe wa Baraza la Gavana Mkuu. Alichoandika ni waraka kuhusu elimu, nao hauna sifa hizo: unadunisha fasihi ya India na Uarabuni, na kupendekeza tabaka dogo lifunzwe Kiingereza ili liwe wakalimani baina ya watawala na watawaliwa.

Hivyo basi, nukuu ya kughushi humdhuru anayeitumia. Mpinzani akiifichua, hoja nzima hutiliwa shaka, ilhali ushahidi halisi upo. Mtafiti hana budi kuuliza: nani alisema, wapi, lini, na katika maandishi gani? Kisha aisome matini asilia yenyewe.