Somo la Mkulima: Kuvuna Mboga za Nyumbani Wakati wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa haba katika sehemu nyingi za Nyandarua. Mawingu hushuka kutoka Aberdare, manyunyu huja wakati wowote, na Julai ndio mwezi wenye baridi zaidi. Hali hii haiui mboga zetu za kawaida. Sukuma wiki, kabeji, karoti na spinachi huivumilia vizuri. Kinachobadilika ni mwendo. Mmea hutengeneza majani kwa mwanga na joto, na vyote viwili vikipungua, muda kati ya kuchuma na kuchuma tena, ambao ulikuwa wiki moja, unaweza kufika siku kumi au hata wiki mbili.

Hapo ndipo nyumba nyingi hupotea. Mama na watoto huendelea kuchuma kama walivyochuma Aprili, na kufikia katikati ya Julai kumebaki mashina yenye vijani viwili juu. Pesa za unga zinaanza kununua mboga.

Hesabu majani kwanza

Tuseme una mashina 40 ya sukuma wiki nyuma ya jikoni. Usiyapitie yote kwa siku moja. Wiki hii chuma mashina 20, wiki ijayo 20 yale mengine. Ukitoa majani mawili au matatu kwa kila shina utapata majani 40 hadi 60 kwa wiki, na kila shina litakuwa limepumzika wiki mbili. Yasipotosha, ongeza kabeji kwenye sufuria, lakini usirudi kwa shina ulilolichuma juzi.

Anza na majani ya chini yaliyokomaa. Shika kikonyo karibu kabisa na shina na ukivunje kwa kukivuta chini mara moja. Kipande kikibaki kinaning'inia, uozo huanzia hapo. Acha juu majani matano au sita pamoja na kile kichwa kichanga cha katikati. Spinachi nayo huvunwa kutoka nje kuelekea ndani kwa mtindo huo huo.

Saa ya kuchuma

Tumezoea kuambiwa tuchume alfajiri, mboga ikiwa imejaa maji. Kwa miezi hii subiri umande ukauke, hata ikifika saa nne au saa tano. Jamii ya kabeji na sukuma wiki husumbuliwa na ugonjwa wa uozo mweusi: utaona pembeni mwa jani doa la manjano lenye umbo la herufi V, na mishipa yake ikiwa myeusi. Bakteria wake husafiri kwa maji, na mkono uliolowa hupeleka ugonjwa kutoka shina moja hadi jingine. Shina lenye dalili hizo lichume mwisho, au ling'oe kabisa.

Usiku wa mawingu hauna hatari kubwa ya jalidi, yaani ile barafu nyembamba nyeupe inayoonekana kwenye nyasi asubuhi. Mawingu hufunika joto la ardhi lisipotee. Uogope usiku ambao anga imetakata na upepo umetulia, hasa kama bustani yako iko bondeni, kwa kuwa hewa baridi hutiririka na kutulia mahali pa chini. Jioni kama hiyo chuma managu, terere na majani ya malenge yaliyo tayari, maana hayo jalidi ikiyapata asubuhi yatakuwa meusi. Sukuma wiki iache. Ikiamka imeganda usiiguse, kwani jani lililoganda likishikwa hupondeka. Jua likiifikia itanyooka yenyewe. Wengi wanajua kwamba sukuma wiki na karoti huwa tamu zaidi baada ya baridi kali, na sababu ipo: mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi.

Sukuma wiki iliyo kando ya viazi

Jambo hili lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Baridi na unyevu ndiyo hali inayopendwa na baka jani la viazi, na ndiyo maana pampu hazipumziki mabegani miezi hii. Nyumba nyingi hupanda sukuma wiki kwenye ukingo wa shamba la viazi. Kiazi kiko chini ya udongo, lakini jani la sukuma wiki liko wazi, na dawa inayopeperushwa na upepo hutua juu yake. Jioni jani hilo liko kwenye sahani ya mtoto. Kuliosha kwa maji husaidia kidogo tu, kwa sababu dawa nyingine huingia ndani ya jani.

Kila kibandiko cha dawa huonyesha siku za kungoja kabla ya kuvuna, na siku hizo hutofautiana kwa kila zao. Kama sukuma wiki haikutajwa kwenye kibandiko, dawa hiyo haikukusudiwa mboga hiyo, kwa hivyo usibahatishe idadi ya siku. Hamisha mboga za nyumbani ziwe mbali na viazi, upande unakotoka upepo. Anayepiga dawa awaambie wapishi siku hiyo hiyo. Kibao kilichoandikwa tarehe na kuchomekwa kwenye tuta hakigharimu chochote.

Karoti na kabeji

Hizi hazina haraka. Karoti iliyokomaa inaweza kukaa ardhini wiki kadhaa za baridi, ukitoa za siku hiyo tu, mradi maji hayatuami kwenye tuta. Yakituama zitapasuka na kuoza. Ukizing'oa, kata majani papo hapo kwa sababu huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi.

Kabeji iliyofunga vizuri hupasuka mvua ikizidi. Kama hauko tayari kuivuna, ishike kichwa na uizungushe kidogo mpaka usikie mizizi michache ikikatika. Itapunguza kunywa maji. Unapovuna, kata kichwa na uache kisiki kikiwa na majani ya nje, iwapo hakina ugonjwa. Kitachipua vichwa vidogo vinavyofaa kukatwakatwa kama sukuma wiki.

Kwa maswali kuhusu dawa au ugonjwa usioutambua, peleka jani lenye dalili, ukilifunga kwa gazeti kavu, kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.