Mashine Inayopanga Maneno na Mtu Anayetunga

Siku hizi kompyuta huandika. Ukiiagiza ikupe shairi la harusi, hadithi ya sungura na fisi, au tangazo la sabuni, itakupa kabla hujamaliza kuchonga penseli. Wapo wasemao kwamba mtunzi hahitajiki tena, na wapo wasemao kwamba yote ni kiinimacho. Kauli zote mbili hutokana na kutojua jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Katika makala haya tutaieleza akili mnemba inayoandika, kisha tutazame mipaka yake katika kazi ya utunzi.

1. Asili yake

Mwaka 1913 mwanahisabati wa Urusi, Andrei Markov, alitoa matokeo ya kuhesabu herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Aliona pia kwamba herufi hazifuatani kiholela. Baada ya irabu, irabu nyingine ilitokea kiasi cha mara 128 katika kila 1,000. Baada ya konsonanti, irabu ilitokea kiasi cha mara 663. Yaani, herufi iliyotangulia hutupa fununu ya ile ijayo.

Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwamba kanuni hiyo yafaa kwa maneno pia. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliifanya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iandike barua za mapenzi kwa kuokota maneno kwa bahati nasibu kutoka katika orodha. Barua zilisomeka, ingawa hapakuwa na mpenzi wala mpendwa.

2. Jaribio lisilohitaji kompyuta

Chukua gazeti, karatasi na kalamu. Chagua neno la kawaida, tuseme "maji", uliandike. Fungua ukurasa mwingine, usome mpaka ulikute neno hilo, kisha uandike neno linalolifuata. Lishike hilo jipya, ufanye vivyo hivyo. Ukifikisha maneno 20 utakuwa na sentensi yenye sura ya Kiswahili, lakini isiyokuwa na msemaji.

Mashine za leo zimejengwa juu ya wazo hilo, ila kwa uwezo mkubwa zaidi. Hazitazami neno moja lililotangulia tu, bali hupima uhusiano wa maelfu ya maneno kwa pamoja. Mbinu iliyowezesha jambo hilo, iitwayo transfoma, ilitangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Mashine husomeshwa maandishi mengi mno, na kila inapokosea kukisia neno lifuatalo, namba zake za ndani, ambazo hufikia mabilioni, hurekebishwa kidogo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba inanakili tu. Yaweza kupanga sentensi ambayo haijapata kuandikwa na mtu.

3. Mipaka yake

Kwanza, tutazame mizani. Mashine haioni silabi. Hukata maandishi katika vipande na kukipa kila kipande namba, na vipande hivyo si lazima vilingane na matamshi. Sikio la Mswahili lajua kwamba herufi "n" katika neno "nchi" ni mizani kamili, lakini katika "ndege" siyo. Ndiyo maana shairi la mashine, hata likipendeza kwa macho, mara nyingi huyumba ukilihesabu 8 kwa 8.

Pili, mashine huelekea kwenye yaliyozoeleka. Chukua sentensi hii: "Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi wakulima walikwenda..." Neno linalotarajiwa ni "shambani". Mtunzi aweza kuandika "mahakamani", na papo hapo msomaji atataka kujua mto ulihamisha mpaka wa nani. Mashine nayo huweza kulipata neno hilo, kwa kuwa huachiwa nafasi ya kubahatisha. Lakini aliyeandika "mahakamani" kwa makusudi anaijua kesi iliyomfanya aliandike, naye aweza kuulizwa akajibu.

Tatu, na hapa pana hatari kwetu, ni hatima ya lugha yenyewe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024 ulionyesha kwamba mashine zikifunzwa kizazi baada ya kizazi kwa maandishi yaliyotoka kwa mashine, yale yaliyo adimu ndiyo hutoweka kwanza. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika hazina za kompyuta ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Tukizijaza hazina hizo hadithi na mashairi ya mashine, msamiati wa mvuvi, wa mhunzi na wa mkunga utafunikwa na Kiswahili kile kile cha matangazo.

4. Matumizi yafaayo

Hatusemi chombo hiki kitupwe. Chaweza kumsaidia mwandishi kusahihisha tahajia, kufupisha kumbukumbu ndefu, au kumwonyesha mwanzo uliozoeleka ili auepuke. Lakini uteuzi wa neno hapana budi ubaki kwa mtunzi, na msomaji aambiwe pale mashine ilipotumika. Mwanafunzi hasa aangalie: mizani hufundishwa na beti zilizoharibika mkononi mwake mwenyewe, na anayetungiwa kila siku hujinyima mafunzo hayo.

Mazoezi

1. Fanya jaribio la gazeti mara mbili, kwa gazeti la michezo na kwa kitabu cha hadithi. Sentensi ulizopata zinatofautianaje, na kwa nini?

2. Iagize mashine itunge beti moja yenye mishororo minne ya mizani 16. Hesabu mizani na vina, kisha usahihishe penye kasoro.

3. Mwulize mzee wa kwenu maneno matano ya kazi yake ambayo huyaoni magazetini. Yatumie katika hadithi fupi uliyoitunga mwenyewe.