Ndengu za Seoul

Msinicheke. Likizo iliyopita mjomba alinipeleka soko la Gwangjang, Seoul, lililoanzishwa mwaka 1905. Hapo nikaona kitu kama chapati nene kikikaangwa. Kumbe ni ndengu! Hurowekwa, hutolewa maganda, husagwa kwa jiwe. Huitwa bindaetteok. Wengine hutia kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu. Si kachumbari jamani, kachumbari haichachushwi.

Njaa ikanizidi, nikadaka kipande. Mjomba akanikanyaga mguu: kwa Wakorea mkubwa ndiye huanza, na mzee mwenyeji wetu hajagusa vijiti vyake vya chuma! Nikaganda, mdomo umejaa. Mzee akacheka, akaonja, akanisogezea sahani nzima.