Picha za Kompyuta Zinazofanana na Michoro ya Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kompyuta haina mkono. Alama za brashi zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye hesabu. Mwaka 1990 Paul Haeberli alionyesha kuwa picha ya kamera inaweza kufunikwa kwa alama za brashi, kila moja ikichukua rangi ya pale inapoangukia. Mtu ndiye aliyeziongoza kwa kipanya. Mwaka 1998 Aaron Hertzmann aliiachia programu kazi yote, na njia yake ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine. Programu huanza na brashi nene juu ya picha iliyotiwa ukungu, kisha hulinganisha mchoro na picha halisi. Panapotofautiana sana, hurudia kwa brashi nyembamba zaidi. Kwa mfano, kwenye picha ya mzee aliyevaa kofia, ukuta wa nyuma hubaki na alama chache pana, lakini jicho na ukingo wa kofia hupitiwa tena na tena. Alama zenyewe hupinda kufuata mwanga na kivuli, ndiyo maana shavu huonekana la mviringo.

Mbona picha za programu nyingi za simu hazivutii?

Nyingi huupa ukuta na jicho uzito uleule. Mchoraji huchagua cha kukiacha.

Na video?

Hapo pagumu. Kila fremu ikichorwa upya, alama hurukaruka na picha nzima hutetemeka. Zikigandishwa kwenye skrini, wahusika huonekana kama wanapita nyuma ya kioo cha bafu. Mwaka 1996 Barbara Meier, akiwa Disney, alizibandika alama kwenye umbo lenyewe la pande tatu: kilima kikisogea, rangi zake husogea nacho.

Akili mnemba hufanya vivyo hivyo?

Si lazima. Mbinu ya akili mnemba iliyotolewa mwaka 2015 na Leon Gatys na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, haichori alama hata moja. Hurekebisha nukta za picha hadi mpangilio wa rangi na maumbo madogo ukaribiane na wa mchoro uliochaguliwa, wa Van Gogh kwa mfano. Ukiikaribia, mara nyingi huoni brashi ilipoanzia wala ilipoishia.

Je, Loving Vincent, filamu kuhusu Van Gogh, ilichorwa na kompyuta?

Hapana. Waigizaji walirekodiwa kwanza, kisha wachoraji zaidi ya 100 wakachora kwa rangi za mafuta fremu zipatazo 65,000. Ilitoka mwaka 2017, na jasho hilo ni lao.