Tumbo Lisilopona na Mifupa Inayopungua Kimya Kimya

Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa ambao wengi hawajausikia, ingawa dalili yake ya kwanza tunaijua sote: kuharisha. Mtu akiendesha kijijini tunasema ni amiba, au taifodi, au ni yale maji ya mto. Mara nyingi ni kweli. Mhudumu wa zahanati naye hana kosa akianza na magonjwa ya kawaida, maana ndiyo yanayowapata watu wengi. Shida ni pale dawa ya amiba imemezwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na tumbo ni lile lile.

Kuna magonjwa mawili ya kuvimba kwa utumbo ambayo hayatokani na maji machafu. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. La pili huleta vidonda katika utumbo mpana tu. Katika yote mawili, kinga ya mwili iliyowekwa kupigana na adui hugeuka ikaupiga utumbo wenyewe. Hayaambukizi, basi mgonjwa asitengewe kikombe. Wala hakuna aliyemroga.

Tushuku lini? Kuharisha kukipita wiki nne. Damu kwenye choo. Mtu kuamshwa usiku na tumbo. Kukonda bila sababu, vidonda vya mdomo visivyoisha, viungo kuuma, usaha karibu na njia ya haja kubwa. Tumwangalie pia kijana wa miaka 16 ambaye kimo chake ni cha mtoto wa 12, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani na huzuia kukua.

Hapa kwetu kuna mtego mmoja mkubwa. TB haishiki mapafu peke yake, huweza kushika utumbo, na TB ya utumbo hufanana sana na Crohn. Hata daktari akitazama ndani kwa mrija wenye kamera, vidonda vyaweza kufanana. Ndiyo maana hukata vipande vidogo vya nyama ya utumbo vikapimwe maabara. Tofauti hii si ya kitabuni. Dawa ya Crohn hutuliza kinga ya mwili; mwenye TB akipewa dawa hiyo, TB yake huwaka kama moto kwenye nyasi kavu. Na mwenye Crohn akimezeshwa dawa za TB miezi 6, utumbo wake unaendelea kuharibika. Kwa hiyo tukisikia daktari anataka vipimo zaidi, tusiseme ati anatafuta pesa.

Sasa tuje kwenye mifupa, jambo linalosahauliwa hata mahali ambapo ugonjwa umekwisha julikana.

Mfupa si jiwe. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga tena. Mwenye utumbo uliovimba hubomoa kuliko anavyojenga, na sababu ziko kadhaa kwa pamoja. Uvimbe wenyewe huharakisha kubomoa. Chakula hakifyonzwi vizuri. Vitamini D husafiri na mafuta, na utumbo ukishindwa kufyonza mafuta, vitamini hiyo huishia chooni. Bila hiyo kalisiamu ya maziwa haiingii mwilini sawasawa. Halafu inakuja prednisoloni. Ni dawa nzuri ya kuzima moto, tena huzima haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyeteseka mwaka mzima anapona kwa wiki mbili, basi anakwenda kemisti kununua nyingine, na nyingine, bila karatasi ya daktari. Dawa hii hupunguza ujenzi wa mfupa, na upotevu huwa mkubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Ikitumiwa zaidi ya miezi 3, mifupa ni lazima iangaliwe. Kwa matibabu ya muda mrefu zipo dawa nyingine.

Lakini asiiache ghafla! Akiwa ameimeza kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo zimezoea kupumzika, na kukatiza dawa kwaweza kumwangusha mtu kabisa. Hupunguzwa pole pole, kwa maagizo ya daktari.

Mifupa ikipungua haiumi. Mtu hujua siku anapoteleza jikoni na kuvunjika mkono au nyonga, au mgongo unapoanza kuuma na kimo kupungua. Eksirei ya kawaida huchelewa, haionyeshi mpaka karibu theluthi moja ya madini imekwisha potea. Kipo kipimo maalum cha uzito wa mfupa, ila hakipatikani katika zahanati. Mgonjwa aulize hospitali kubwa.

Chakula husaidia. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 za kalisiamu kwa siku, na nusu lita ya maziwa hutoa kama 600. Maziwa yakimsumbua, ajaribu mala. Omena wanaoliwa na mifupa yao ni hazina ya bei nafuu, na sukuma wiki pia. Atembee, apate jua mikononi na miguuni, aache sigara. Ila utumbo ukiwa umebana, githeri na mboga ngumu zaweza kuziba njia, kwa hiyo amwulize daktari kwanza.

Na kikundi? Pesa za nauli ni msaada, lakini kuna msaada usiogharimu kitu: daftari. Mgonjwa aandikiwe tumbo lilianza lini, anaendesha mara ngapi, kilo zake kila mwezi, dawa gani amemeza na kwa siku ngapi. Daktari asiyemjua akipata daftari hilo huona kwa dakika tano yale ambayo kadi tano za kliniki tofauti zimeficha.

Maswali ya kujadiliana: Je, katika kikundi chetu yuko mtu aliyetibiwa amiba zaidi ya mara mbili mwaka huu? Nani ananunua vidonge kemisti bila kujua jina lake? Na nani kati yetu, mwenye mwandiko unaosomeka, atashika daftari kwa asiyeweza kuandika?